Sauti Mbichi

Chumba kile kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya Gakere Road mjini Nyeri, katika jengo ambalo chini yake palikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo. Ulipanda ngazi ukiwa na harufu hiyo puani, ukafika kwenye mlango ulioning'inizwa blanketi zito la kijivu, ukaliinua, ukaingia, na mji ukabaki nje. Makanga wa steji, mikokoteni, redio za maduka, vyote vilififia. Kuta zilifunikwa kwa trei za mayai zilizokusanywa kwa wauza chipsi na kugundishwa moja moja. Trei za mayai hazizuii kelele za nje. Kazi yake ni kuvunjavunja mwangwi mkali wa ndani, na hata huo kwa kiasi tu. Blanketi ndilo lililotusaidia. Juu yetu lakini palikuwa na mabati, na mvua ya Nyeri haina blanketi. Ilipoanza kunyesha, kazi ilisimama.

Niliingia humo mara ya kwanza Januari 2006. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado hayajatoka, na nyumbani Tetu hapakuwa na kazi zaidi ya kuchuma kahawa na kungoja. Mwenye studio tulimwita Fundi. Kabla ya muziki alikuwa akitengeneza redio na amplifaya, na kina mama wa sokoni waliendelea kumwita hivyo hata alipoacha kushika solda. Alinipa kazi ya kufagia, kukunja nyaya na kuwakaribisha wateja kwa chai ya thamosi. Mshahara haukuwepo mwanzoni. Kilichokuwepo ni kiti cha pili, nyuma ya kiti chake, na ruhusa ya kutazama.

Wateja walikuwa mji wenyewe. Jumamosi walikuja wanakwaya wa PCEA na wa Kanisa Katoliki, wakiwa wamevaa sare ingawa hakuna aliyewapiga picha. Walikuja waumini wa Akorino na vilemba vyao vyeupe na ngoma zao. Walikuja waimbaji wa mugithi, mtu mmoja na gita lake, waliokuwa wamekesha wakiimba kwenye baa za Karatina au Nanyuki na sauti zao bado zimekwaruza. Walikuja vijana wa injili waliotamani wimbo wao upigwe kwenye redio za Kameme au Inooro, kwa sababu tangu Kameme ianze kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, wimbo wa mtu wa kijijini ulikuwa na mlango wa kupitia. Wote, mzee kwa kijana, walipovaa hedifoni walisema neno lile lile: “Fundi, niwekee eko.”

Ilinichukua muda kujua eko hiyo ilitoka wapi. Nilidhani ni mashine iliyofichwa mahali. Mezani palikuwa na kompyuta moja ya Pentium 4 yenye ramu ya megabaiti 512, skrini nzito ya kizamani, miksa ndogo, maikrofoni moja nzuri na nyingine mbili za kawaida. Hapakuwa na kitu kingine. Fundi alinionyesha kwenye skrini safu ya visanduku vidogo, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na jina lake na kitufe cha kukiwasha na kukizima.

“Hii programu kubwa,” aliniambia, “ni mwenyeji. Hivi vidogo ni wageni. Mwenyeji hajui kuweka eko wala kupunguza makelele. Anachojua ni kupokea. Sauti ikiingia, anampa mgeni wa kwanza, mgeni akimaliza kazi yake anarudisha, mwenyeji anampa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Unaijua ile ya mgeni njoo, mwenyeji apone? Basi ndiyo hiyo.”

Tangu siku ile sijawahi kupata maelezo bora ya mambo haya, na nimesoma mengi. Wageni tuliwaita plagini, na safu yao tuliiita mnyororo. Baadaye nilijua kwamba mfumo huo wa mwenyeji na wageni ulienea kutokana na uamuzi wa kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ambayo mwaka 1996 ilitoa utaratibu wake wa VST na kuwaachia watu wengine wautumie. Mtu yeyote anayejua kuandika programu, akifuata utaratibu huo, angeweza kutengeneza mgeni atakayepokelewa na mwenyeji yeyote anayeufuata. Kabla ya hapo, kila mgeni alikuwa sanduku la chuma. Studio kubwa za Nairobi zilikuwa na rafu zake zenye taa nyekundu na kijani, na sanduku moja la eko au la kompresa lingeweza kumgharimu mtu bei ya ng'ombe kadhaa wa maziwa. Msanii wa Nyeri alilazimika kusafiri kilomita 150 hivi mpaka River Road kuifuata rafu hiyo, alipe studio, alale kwa ndugu, na akikosea mstari mmoja arudi tena mwezi ujao. Sasa rafu ilikuwa imekuja Gakere Road, haina uzito, haina nyaya, na kijana wa kufagia aliruhusiwa kuigusa.

Somo la kwanza lilikuwa mpangilio. Fundi alichukua sauti ya mama mmoja wa kwaya na kuipitisha kwa wageni wawili tu, kompresa na eko. Kompresa kazi yake ni kusawazisha: pale mwimbaji anapopaza sana hushushwa, kisha sauti yote huinuliwa, na mnong'ono husikika karibu na sauti kuu. Kwanza aliweka kompresa mbele, eko nyuma. Mama aliimba, na nyuma yake palisikika kama kanisa tupu, pana na tulivu. Kisha akawabadilisha nafasi, eko mbele, kompresa nyuma, bila kugusa kitufe kingine chochote. Kanisa likageuka ukungu. Kila mama aliponyamaza kuvuta pumzi, kompresa ilidhani kile kimya ni udhaifu wa kuinuliwa, ikauinua mkia wa eko mpaka ukajaa masikioni.

“Wageni ni wale wale,” Fundi alisema. “Nani katangulia, hilo ndilo neno.”

Nilielewa papo hapo, kwa sababu nimezaliwa kwenye kahawa. Mama yangu alipeleka kahawa kiwandani siku ile ile ilipochumwa, na tulipokuwa wadogo tulimsaidia kuchagua mbivu na kutenga mbichi. Kiwandani inakobolewa, inalala kwenye matangi ili ule utelezi ulegee, inaoshwa kwa maji mengi kwenye mifereji, ndipo inatandazwa juani juu ya meza ndefu. Huwezi kuianika kwanza ukaiosha baadaye. Mashine ni zile zile na maji ni yale yale, lakini ukivuruga utaratibu, mkulima analipwa bei ya takataka.

Kwa sauti ya mtu, utaratibu wetu wa kawaida ulikuwa hivi. Wa kwanza kuingia alikuwa kichujio, kilichokata mngurumo ulio chini kabisa: feni ya kompyuta, lori linalopanda mlima, mtu anayekanyaga sakafu ya mbao. Wa pili kompresa. Wa tatu ikwalaiza, wa kupunguza ukali wa puani au kuongeza uangavu kidogo. Wa nne dilei, inayorudia neno kwa mbali. Wa mwisho eko. Lakini Fundi hakunipa utaratibu huo kama sheria. Siku Akorino walipokuja, niliwawekea ngoma yao mnyororo wa sauti kwa mazoea, na ngoma ikawa kama mtu anayegonga sanduku la kadibodi. Fundi hakusema kitu. Alinyoosha kidole, akazima kichujio, na ngoma ikarudi na kifua chake. Ngoma ile iliishi chini kule kule nilikokuwa nimekata. Akaniambia nitoke nje niwasikilize wakiipiga bila maikrofoni, nisimame kando yao kwenye korido, nisirudi kwenye kiti mpaka niweze kusema ngoma hiyo inanigusa wapi mwilini. Nilirudi baada ya nusu saa na kusema: “Hapa, chini ya mbavu.” Akasema: “Sasa shika mausi.”

Somo la pili lilikuwa muda. Kompyuta hukata sauti vipande vidogo sana, 44,100 kwa sekunde moja kwa kiwango cha siidii, na haifanyi kazi kipande kimoja kimoja. Inavikusanya kwenye kapu, kisha inalipitisha kapu zima kwa wageni. Kapu likiwa la vipande 1,024, sauti hungoja kiasi cha milisekunde 23 kabla haijatoka. Ni kitambo kidogo sana, lakini sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kitambo hicho ni sawa na kujisikiliza kutoka mita nane hivi. Waimbaji hawakujua hesabu hiyo, ila waliihisi. Mama mmoja alivua hedifoni akaniambia: “Mwanangu, sauti yangu inanifuata nyuma kama ng'ombe aliyechoka.” Fundi alipunguza kapu mpaka vipande 256, milisekunde sita kasoro, na mama akaimba vizuri. Lakini kapu dogo humchosha mwenyeji, maana anapeleka na kurudisha mara nyingi zaidi. Pentium yetu ilianza kukatakata, trrr, trrr, kama redio yenye betri inayokufa. Basi wakati wa kurekodi tuliwaaga wageni karibu wote, kapu likawa dogo. Wakati wa kuchanganya tulipanua kapu na kuwakaribisha tena. Hata hilo tuliwezeshwa na programu ndogo ya bure iitwayo ASIO4ALL, iliyoifanya kadi yetu ya sauti ya bei rahisi iwe na wepesi usio wake.

Ukomo huo wa mashine ndio uliotuzoesha jambo ambalo nitaliona zito maisha yangu yote. Wimbo wa kwaya ungeweza kuwa na sauti kumi na mbili, kila sauti na wageni wanne. Hakuna namna kompyuta yetu ingewalisha wageni 48 kwa pamoja. Kwa hiyo tulichoma. Kuchoma, kwa lugha ya studio yetu, kulikuwa kuchukua faili la sauti, kulifungua kwenye toleo la zamani la Cool Edit, kuliwekea eko au kusafisha makelele moja kwa moja ndani ya wimbi lenyewe, kisha kuhifadhi. Baada ya hapo hapakuwa na mgeni wa kulishwa. Kazi yake ilikuwa imeshaingia katika sauti, kama rangi inavyoingia katika kitambaa. Mashine ilipumua. Diski ya gigabaiti 40 ilipumua pia, maana hatukubaki na nakala mbili. Nasi tukasahau kwamba kilichochomwa hakichomoki.

Guka alikuja mwanzoni mwa Oktoba 2007, siku Fundi alipokuwa Nairobi. Guka ni babu kwa Kikuyu, na sikumwita kwa jina jingine. Alikuwa mrefu, koti la mvua limefungwa vifungo vyote, na kinanda chake cha kukunjua kwenye gunia la sukari. Alifuatana na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama kumi na mitano, aliyebeba karing'aring'a, lile duara la chuma linaloning'inizwa kidoleni na kugongwa kwa kipande kingine cha chuma. Kwa hivyo viwili tu huchezwa mwomboko, ngoma iliyoshamiri Kikuyuni katika miaka ya 1940, wanaume na wanawake wawili wawili, hatua mbili na kupinda goti. Guka aliniambia alianza kukipiga kinanda akiwa kijana, akaacha miaka ya Hali ya Hatari, akarudia baada ya Uhuru. Sasa vidole vilikuwa vinaanza kukataa. Alitaka nyimbo tatu ziwekwe mahali.

Nilimwambia Fundi hayupo, arudi kesho. Akatazama dirishani, mawingu yameshafunika Nyandarua, akasema: “Mjukuu wangu, kesho ni ya nani?” Nikaweka maikrofoni nzuri mbele ya kinanda, ya pili mbele ya yule kijana, nikabonyeza.

Sijasikia tena kitu kama kile. Kinanda kilikuwa kinavuja hewa, na kila kilipofunguka kilivuta pumzi kama mtu kabla hakijaimba. Karing'aring'a ilikuwa na sauti mbili: pigo lenyewe, kali kama cheche, halafu mlio mwembamba uliobaki hewani ukitetemeka mpaka pigo jingine. Guka aliimba macho yamefumbwa, na guu lake la kulia likipiga sakafu. Nyimbo tatu, dakika kumi na nne, bila kurudia hata mara moja. Tulipomaliza matone ya kwanza yaligonga mabati, naye akasema mvua imekuwa na adabu, imengoja.

Jioni nilibaki peke yangu na nilitaka Fundi akirudi akute kazi imekamilika. Kwenye rekodi palikuwa na mvumo wa feni. Cool Edit ilikuwa na njia ya kuondoa mvumo: unaichagulia sekunde moja ya kimya, inajifunza mvumo ulivyo, kisha inauondoa kila mahali. Niliitumia kwa nguvu. Nikaweka eko kubwa, kwa sababu kila mtu aliomba eko, na nikadhani heshima ya mzee ni kanisa kubwa. Taa ikayumba mara moja, mara mbili. Kila mtu aliyefanya kazi kwa kompyuta katika miji yetu ya mlimani miaka ile anajua mkono unavyokimbia wenyewe wakati taa inapoyumba. Nikahifadhi, juu ya faili lile lile. Stima ikapotea. Iliporudi saa mbili usiku nilifungua faili, nikavaa hedifoni, nikasikia nilichofanya.

Mlio mwembamba wa karing'aring'a ulikuwa umekwenda. Programu ilikuwa imeufananisha na mvumo, maana vyote viwili ni vyembamba na vya kudumu, ikaula pamoja nao. Pigo lilibaki, lakini nyuma yake palisikika vibubujiko, kama chuma kilichozamishwa kwenye ndoo ya maji. Pumzi ya kinanda nayo ilikuwa imekatwa. Kinanda kililia bila kupumua, na juu ya vyote hivyo kanisa langu kubwa la uongo. Nilitafuta kitufe cha kurudi nyuma. Programu ilikuwa imefungwa na kufunguliwa upya. Haikuwa na kumbukumbu ya kilichokuwepo.

Fundi alisikiliza kesho yake, wimbo wote wa kwanza, mikono imefumbatwa. Nilitarajia hasira. Aliuliza tu: “Ile mbichi iko wapi?” Nikamwambia haiko. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema tumtafute mzee arudie, bure, na nauli tumpe sisi. Tulimtumia ujumbe kupitia kwa jirani yake wa sokoni Karatina. Jibu likaja kwamba atakuja mvua za vuli zikipungua. Zilipopungua ilikuwa Desemba na nchi yote ilikuwa kwenye uchaguzi, na baada ya uchaguzi zikaja ghasia, hakuna aliyekuwa akifikiria nyimbo. Februari yule mjukuu alipanda ngazi peke yake. Guka alikuwa amefariki. Walitaka siidii ya nyimbo zake ipigwe siku ya mazishi.

Nilikwenda mazishini. Walizipiga kwenye spika mbili chini ya turubai, na watu walifurahi, wazee wengine walisimama wakacheza hatua mbili na kupinda goti kando ya kaburi lililo wazi. Hakuna aliyelalamika. Kwao ile ilikuwa sauti yake, na walishukuru kwamba imebaki. Lakini yule kijana alikuwa amesimama karibu na spika akiwa ameshika karing'aring'a yake mwenyewe, na wimbo ulipoanza aliigonga kidogo, mara moja, kisha akaisogeza sikioni akaisikiliza mpaka mlio ulipokwisha. Akanitazama. Alijua. Nilimwendea baada ya mazishi nikamwambia ukweli wote, nilichofanya na jinsi nilivyofanya. Alinisikiliza kama mtu mzima, akasema: “Basi siku nyingine usifanye.”

Siku nyingine hatukufanya. Mwaka ule ule wa 2008 Fundi alibadilisha studio nzima kuhusu jambo hilo moja. Hadi hapo programu zetu zilikuwa zimetoka kwenye siidii za kunakiliwa zilizouzwa Nairobi, mamia ya plagini kwenye diski moja, nyingine zikija na virusi. Wasanii walituketia pale kwenye benchi wakilia kwamba nyimbo zao zinanakiliwa na kuuzwa barabarani, nasi tuliwaitikia kwa huruma huku tukifanya kazi zao kwa jasho la watu wengine ambao hawakulipwa. Fundi alisema hawezi tena kuwatazama machoni. Akatafuta programu tunayoweza kuinunua. Akaipata Reaper, iliyotoka rasmi mwaka 2006 kwa mkono wa Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp mwaka 1997, programu iliyokuwa ikipiga nyimbo katika kila saiba ya Nyeri. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliishusha saibani kwa flashi, nikilipa shilingi moja kwa dakika, na bei yake ilikuwa makumi ya dola tu, si mamia. Shemeji yake aliyekuwa Marekani alitulipia kwa kadi, naye Fundi akampelekea mama mkwe unga na sukari vya thamani hiyo.

Reaper ilikuja na wageni wake wa bure: kompresa, ikwalaiza, dilei, eko. Hawakuwa na sura nzuri, hawakuchorewa vifundo vya fedha wala sindano za kuchezacheza. Walifanya kazi na hawakula mashine. Na ilikuwa na jambo lililonigusa moyo kuliko yote: ungeweza kuuhifadhi mnyororo wenyewe kama faili lake, mbali na sauti. Huku iko sauti, vile ilivyotoka kinywani. Huku uko mnyororo, orodha ya wageni na vitufe vyao. Vinakutana masikioni tu, wakati wa kusikiliza. Ukizima, kila mmoja anarudi kwake. Mashine ikizidiwa, unaweza kutengeneza nakala iliyochomwa, lakini mbichi inabaki chini yake, haikuguswa. Tulinunua diski ya pili, na Fundi akaandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha kadibodi akakibandika juu ya skrini: MBICHI HAIGUSWI. Wateja walifikiri ni habari ya ndizi.

Miaka imepita. Fundi alirudi Kieni kulima viazi, mgongo ukiwa umechoka na kiti. Mimi nina chumba changu Nanyuki, chenye dari iliyojazwa pamba ya kuzuia mvua, na kompyuta inayoweza kulisha wageni mia bila kukohoa. Siku hizi kuna plagini ambazo zenyewe ni wenyeji: zinaingia kwa mwenyeji mkubwa kama mgeni mmoja, kumbe ndani zimebeba ukoo. Kuna vijana wanaokuja kwangu wakiwa na minyororo iliyo tayari, ya kununua, “sauti ya redio” kwa kubonyeza mara moja. Siwakatazi. Ninawauliza tu alichoniuliza Fundi: mbichi iko wapi?

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona maana yake. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kuimba maisha yetu ya Kikuyuni kwa nusu karne, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, mwenye jina lile lile, anayejulikana duniani kama KMRU, ni msanii wa sauti anayerekodi vitu vya kila siku, upepo, barabara, mitambo, na kuvipitisha kwenye kompyuta mpaka viwe muziki. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020. Kijana huyo huyo ndiye amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake ili kizazi kipya kizisikie. Ninapoliona hilo namkumbuka mjukuu mwingine, aliyesimama kando ya spika na duara la chuma sikioni. Mjukuu anaweza kurithi tu kile ambacho mtu wa katikati hakukiharibu. Sisi wa kwenye kiti cha studio ndio watu wa katikati.

Faili la Guka ninalo. Ninalifungua kila Oktoba. Wimbi ni moja, na safu ya mnyororo kando yake ni tupu, hakuna kitufe cha kuzima. Vijana wameniambia kuna programu mpya zinazoweza kukisia kilichopotea na kukijaza. Labda. Lakini mlio ule ungekuwa makisio, na chuma kile nilikisikia kwa masikio yangu.

Mwezi uliopita kina mama wa kwaya moja ya Nyeri walinipigia. Wanatimiza miaka yao ya jubilii na walitaka wimbo tuliowarekodia Aprili 2009. Niliutoa kwenye diski ya zamani, ukafunguka wote, sauti kumi na mbili na wageni wao. Ulisikika mzuri, wa wakati wake, eko nyingi. Kisha nikaanza kuwaaga wageni, mmoja mmoja. Nilizima eko, kanisa likafungwa. Nilizima dilei. Nilizima ikwalaiza, sauti zikawa nzito kidogo, za watu waliotoka kwenye baridi. Nilizima kompresa, na wale wa nyuma wakarudi nyuma, yule mama mwenye kifua kikubwa akatangulia kama alivyokuwa akitangulia. Mwisho nikazima kichujio, na chumba kikaingia. Feni ilikuwepo. Lori lilikuwa linapanda. Kwa mbali sana, kupitia blanketi, makanga alikuwa anaita Karatina, Karatina. Mtu alikanyaga ubao. Wimbo ulipokwisha sikuzima, nikaiacha rekodi iende, na pale pale matone yakaanza kwenye mabati, machache, kisha mengi, na sauti ya Fundi ikasema kutoka upande wa kushoto, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima: “Ngojeni, mvua.” Viti vikavutwa. Mtu akafungua thamosi, na huyo nadhani nilikuwa mimi.